Kimya cha Maskani na Kimya cha Mahame

Msafiri aghalabu hutaja anayokwenda kuyaona, lakini ni nadra kutaja anachokwenda kukitafuta. Husema kwamba anakwenda kuona mlima, au mnyama, au jengo la kale. Na kwa hakika huviona vitu hivyo. Walakini ukimsikiliza arudipo nyumbani, utatambua kwamba kilichomgusa zaidi kilikuwa kimya: kile kituo cha sauti zote ambacho humfanya mtu asikie pumzi yake mwenyewe. Kimya ni kitu cha thamani, na kila kitu cha thamani kina mwenyewe. Swali la insha hii ni hili: msafiri akaapo katika kimya cha mahali pa watu wengine akakifurahia, ana haki gani juu ya kimya hicho, na ana deni gani kwa wale ambao ni chao?

Swali hili sikulipata kitabuni. Lilinipata Karatu, siku ya Jumatano, nilipokuwa safarini kutoka Arusha kwenda Ngorongoro. Njia hiyo hupita Makuyuni na Mto wa Mbu, kisha hupanda ukuta wa Bonde la Ufa, ikaliacha Ziwa Manyara chini na kutokea juu katika nchi ya udongo mwekundu, ya ngano, mahindi na maharage. Wengi wa wakazi wake ni Wairaqw, ambao walienea huko kutoka chimbuko lao katika milima ya Mbulu. Gari letu liliharibika tulipofika mjini, na fundi akaniambia nirudi saa kumi na moja jioni. Mtu aliyepewa saa tatu asizozitarajia hana budi kuzitumia ama kwa kulalamika ama kwa kutembea. Nilichagua kutembea, na miguu ikanifikisha mbele ya kanisa ambalo mlango wake ulikuwa wazi.

Sharti niseme kwamba mimi si mtu wa dhehebu lile, wala sikuingia kusali. Niliingia kwa sababu nje palikuwa na jua na vumbi, na ndani palikuwa na kivuli. Kanisa lenyewe halikuwa la kale wala la fahari. Lilijengwa kwa matofali ya kuchoma. Kuta zake zilikuwa nene, madirisha yake madogo na ya juu, na kila dirisha lilikaa chini ya tao la mviringo. Nuru iliyopita humo ilianguka sakafuni vipande vipande, na kati ya kipande na kipande palikuwa na giza la upole. Mzee mmoja alikuwa akifuta mabenchi kwa kitambaa. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Umekuja kusali au kupumzika?" Nikamjibu kwa kweli kwamba nimekuja kupumzika. "Basi kaa," akasema, "mabenchi ni mengi." Akaendelea na kazi yake.

Nilikaa. Matao yale ya mviringo yalinikumbusha kanisa jingine, la mbali, nililolizuru miaka kadhaa nyuma nilipokuwa safarini Ujerumani. Mahali hapo huitwa Maria Laach. Kanisa lake ni la ule mtindo wa ujenzi uitwao Kiromaneski, uliotawala Ulaya ya magharibi katika karne ya 11 na ya 12, kabla wajenzi hawajajifunza kuinua matao yaliyochongoka na kuzifungua kuta kwa madirisha makubwa. Mjenzi wa Kiromaneski alitegemea unene. Ukuta mnene ubebe paa zito la mawe, tao la mviringo ligawe uzito, na dirisha liwe dogo ili ukuta usidhoofike. Kwa hiyo mtu aingiaye humo huona kama ameingia ndani ya mlima; sauti za nje hukoma mlangoni. Nyumba hiyo ya watawa ilianzishwa mwaka 1093, na kanisa likawekwa wakfu mwaka 1156, ingawa ujenzi uliendelea baadaye. Lina minara 6, nalo limesimama kando ya ziwa lililojaa katika shimo la volkano iliyolipuka yapata miaka 13,000 iliyopita. Yamkini ndiyo sababu lilinijia moyoni nilipokuwa njiani kwenda Ngorongoro, maana huko nako nilikuwa nakwenda kusimama kando ya kazi ya moto wa kale. Nilikaa ndani ya Maria Laach saa nzima, nikatoka nikiwaambia wenzangu kwamba sijapata kukutana na kimya kizuri kama kile. Wala sikuuliza kimya kile kilitoka wapi.

Nilikuwa katika mawazo haya, nayo yalikuwa matamu kwa kuwa hayakunidai kitu, wakati watoto wa kwaya walipoingia. Walikuwa yapata thelathini, na vumbi la njiani lilikuwa bado miguuni mwao. Walicheka, wakasukumana, wakavuta mabenchi kwa kelele. Mmoja akaanza kupiga ngoma kabla mwalimu wao hajafika. Nikaudhika. Naandika neno hilo kwa aibu, lakini insha isiyosema kweli juu ya mwandishi wake haina haki ya kumfundisha msomaji. Niliudhika kana kwamba nimenyang'anywa mali yangu, nikamtazama mzee kana kwamba ni wajibu wake kuwanyamazisha.

Mzee akaja akaketi kando yangu. "Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "naona kimya umekipenda. Lakini sisi hatukujenga hapa ili panyamaze. Palikuwa kimya kwa sababu wenyewe walikuwa shambani na shuleni. Sasa wamerudi."

Aliyasema bila lawama, akanyanyuka kwenda kufungua madirisha. Lawama nilijitia mwenyewe. Kile nilichokiona kuwa sifa ya nyumba kilikuwa nafasi kati ya kuondoka kwa wenyeji na kurudi kwao. Nilikuwa nimekaa katika pengo la maisha ya watu, nikalipenda pengo kuliko maisha.

Lugha yetu ina neno kwa mahali palipokaliwa na watu kisha pakaachwa: ni mahame. Na kwa mahali wakaapo watu tunasema maskani. Maskani huweza kuwa kimya kama mahame, na mgeni apitaye hawezi kuvipambanua vimya hivi viwili kwa masikio. Mtu aliyelala na mtu aliyekufa wote wamenyamaza. Walakini mmoja tunamfunika shuka ili apate joto, na mwingine tunamfunika sanda. Kuvichanganya vimya hivi ni kosa dogo kwa mgeni na kubwa kwa mwenyeji.

Nilipolala usiku ule nilikumbuka habari za Maria Laach nilizozisoma baada ya safari yangu. Mwaka 1802, chini ya utawala wa Wafaransa, watawa wa Mtakatifu Benedikto waliondolewa, na nyumba yao ikatwaliwa na serikali. Miaka 90 ilipita kabla watawa wa shirika lao hawajaingia tena, mwaka 1892, wakitoka katika nyumba ya Beuron. Beuron si jina geni katika habari za nchi yetu, kwani mtawa wa huko, Andreas Amrhein, ndiye aliyeanzisha mwaka 1884 shirika la Wabenediktini wamisionari ambao baadaye, mwaka 1898, walianzisha Peramiho. Sasa fikiri, msomaji: msafiri aliyeingia kanisa lile mwaka 1850 alikuta kimya, nami nilikuta kimya. Kuta zilikuwa zile zile na matao yale yale. Lakini kimya chake kilikuwa cha mahame, na changu kilikuwa cha maskani, maana baada ya saa chache watawa wangeingia na kuimba. Lau angeulizwa yeye na nikaulizwa mimi, wote wawili tungalisema, "Ni kimya kizuri," na wote wawili tungalikuwa hatujasema neno lenye maana.

Wala jambo hili si la makanisa peke yake. Huko Kizimkazi, kusini ya Unguja, upo msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, miaka 14 tu baada ya kuanzishwa kwa Maria Laach. Jengo limetengenezwa upya baadaye, lakini adhana bado husikika mahali hapo. Kimya chake kati ya sala na sala ni kimya cha maskani. Kilwa Kisiwani upo msikiti mkubwa wenye kuba na nguzo, ambao chanzo chake ni cha zama zizo hizo. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliukuta mji wa watu wengi wenye ucha Mungu. Leo kuba zile huimbiwa na upepo. Msafiri hupiga picha katika misikiti yote miwili, na picha hazisemi upi umelala na upi umefiwa.

Kesho yake niliufikia ukingo wa Ngorongoro. Sitajaribu kueleza kwa maneno mengi kile ambacho macho hukimaliza kwa mara moja. Kreta hiyo ni mabaki ya volkano iliyodidimia zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita; sakafu yake ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 260, na kuta zake zina kimo cha mita zipatazo 600. Injini za magari zilizimwa. Watu zaidi ya kumi, wa nchi mbalimbali, walinyamaza pasipo kuambiwa, kama waingiavyo watu nyumbani mwa ibada. Mwenzangu mmoja akaninong'oneza, "Hili ndilo kanisa la Mungu mwenyewe. Halijaguswa na mkono wa mtu."

Usemi huo ulikuwa mzuri, na siku moja kabla ningeukubali wote. Lakini maneno ya mzee wa Karatu yalikuwa bado sikioni, nikajiuliza kimya kile ni cha namna gani, na wenyewe wako wapi. Jibu halikuwa mbali. Chini mle yamo makaburi ya mawe ya wafugaji wa zamani sana, ambao hata lugha yao haisikiki tena. Baada yao walikaa Wadatoga, hata katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 waliposhindwa vita na Wamaasai. Nao bado wanayakumbuka makaburi ya wakubwa wao waliozikwa bondeni humo. Wamaasai wakalisha ng'ombe wao humo kwa vizazi. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia ndugu wawili wa Kijerumani, Adolph na Friedrich Siedentopf, walikuwa na mashamba na nyumba ndani ya kreta hiyo hiyo. Mwaka 1959 Wamaasai waliokuwa wakikaa Serengeti walihamishwa ili Serengeti iwe hifadhi isiyo na wakazi, na Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo ambalo watu na wanyama wangekaa pamoja, lenye kilomita za mraba zipatazo 8,292. Mwaka 1974 wakazi waliobaki katika sakafu ya kreta waliondolewa. Na tangu mwaka 2022 kaya nyingi za eneo hilo zimehamia Msomera, wilaya ya Handeni. Serikali ikieleza kwamba wahamao wanahama kwa hiari, na wengine miongoni mwa wenyeji wakisema kwamba hiari hiyo ina mkono unaosukuma.

Mahali palipoguswa na mikono mingi hivyo hapawezi kuitwa pasipoguswa. Hata jina la Mungu halikuletwa pale na sisi wapitaji: kaskazini mashariki ya kreta umesimama Oldoinyo Lengai, na maana ya jina hilo katika Kimaasai ni Mlima wa Mungu. Mwenzangu aliyeuona utakatifu wa mahali pale alikuwa hakukosea. Alikosea kudhani kwamba yeye ndiye wa kwanza kuuona.

Kwenye ukingo wa kreta kuna kaburi ambalo wageni wengi husimama kulitazama, lililojengwa kwa mawe kwa umbo la piramidi. Ni la Michael Grzimek, aliyekufa kwa ajali ya ndege tarehe 10 Januari 1959 alipokuwa katika kazi ya kuwahesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani. Na baba yake, Bernhard Grzimek, aliyekufa mwaka 1987, amewekwa hapo pamoja naye. Mtu aliyekufa akifanya kazi anayoiamini anastahili heshima ya mpita njia, nami nilimpa. Nasema hili tu, kwamba ukingoni nilisimama mbele ya kaburi moja lenye maandishi, na bondeni yako mengi ambayo sikuonyeshwa wala sikuuliza habari zake.

Tulipoendelea na safari kuvuka bonde la Malanja, kijana wa Kimaasai aliivusha njia mifugo yake mbele yetu. Nyuma yake palikuwa na mandhari ya milima ambayo kila mmoja wetu alitaka kuipiga picha. Wote tulingoja apite. Hakuna aliyesema neno baya. Tulingoja tu, kamera mkononi, ili mwenyeji aondoke ndipo picha ya nchi yake ipendeze. Nikaitambua ile ghadhabu ndogo ya Jumatano, imerudi kwa adabu zaidi.

Wahenga wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Walimaanisha kwamba ujio wa mgeni huleta heri nyumbani: jiko huwashwa, kuku huchinjwa, na hata mgonjwa hupata nafuu kwa kicheko cha mazungumzo. Sisi wasafiri wa leo tunaelekea kuigeuza methali hiyo iwe, "Mgeni njoo, mwenyeji aondoke." Hatuisemi kwa ulimi, tunaisema kwa kile tunachokilipia na kwa kile tunachokisifu. Na kinachosifiwa sana na kulipiwa sana, hapana budi watatokea watu wa kukitengeneza.

Najua kwamba hoja hii ina majibu mawili yenye uzito, na si haki kuyapita. La kwanza ni kwamba kimya cha Ngorongoro si starehe ya wageni tu. Faru na nyumbu hawana kijiji kingine cha kuhamia. Idadi ya watu na mifugo ikizidi, malisho huisha, na kitakachopotea hakitarudishwa na kizazi chochote. Hili ni kweli, na mtu anayeipenda nchi hawezi kulipuuza. Lakini jibu hilo linahusu mnyama, na swali langu linahusu moyo wa mgeni. Inawezekana kwamba sadaka fulani ni ya lazima. Watu wa elimu na wa serikali wabishane juu yake pamoja na wenyeji wenyewe. Haiwezekani kwamba sadaka ni ya lazima halafu ikawa si ya mtu. Anayekula karamu ya sadaka pasipo kuuliza nani alitoa mnyama amekosa adabu, hata kama sadaka ilikuwa halali.

Jibu la pili ni kwamba hakuna aliyekuwa wa kwanza. Mmaasai alimwondoa Mdatoga, na Mdatoga aliwakuta wengine. Basi mbona tumlilie mmoja? Hoja hii ina sura ya haki, lakini ndani yake imo hila. Husema kwamba madeni yakiwa mengi hayalipwi hata moja. Mtu mwenye wadai watano hawezi kumwambia wa tano, "Nawe ngoja, maana sijamlipa wa kwanza," kisha akajiona kuwa hana deni. Wingi wa walioondoka hautufungui sisi tunaopita. Unatuongezea majina ya kukumbuka.

Basi mgeni ana deni gani? Siwezi kumdai arudishe watu katika kreta, maana hana uwezo huo. Na wajibu usiolingana na uwezo ni mzigo wa maneno. Naona madeni matatu ambayo kila msafiri, hata maskini wa fedha, anaweza kuyalipa. La kwanza ni kuuliza: kimya hiki ni cha nani, na wenyewe wako wapi? La pili ni kutokusema uongo, yaani asirudi nyumbani akahadithia juu ya nchi tupu ambayo haikuwa tupu. La tatu ni gumu kuliko haya, nalo ni kujipima. Akaapo mahali pazuri penye kimya, na ajiulize moyoni mwake: wenyeji wakirudi sasa hivi na kelele zao, na ngoma zao, na ng'ombe wao, nitafurahi au nitaudhika? Akifurahi, alikuwa mgeni. Akiudhika, alikwisha kuanza kuwa mmiliki, ingawa hakununua wala hakurithi.

Mimi nilijipima mara mbili katika siku mbili, na mara mbili nikaonekana pungufu. Siyasemi haya, basi, kama mwalimu aliyefuzu.

Tulirudi kwa njia ile ile siku ya Jumapili. Tulipofika Karatu niliomba gari lisimame kidogo, nikaenda hadi mlango wa lile kanisa la matofali. Lilikuwa limejaa hata watu wengine walisimama nje chini ya madirisha. Watoto wale thelathini walikuwa wakiimba, na ile ngoma ilikuwa imepata mwalimu wake. Nilimtafuta mzee kwa macho nikamwona mbele, amevaa koti, hana kitambaa mkononi. Sikuona benchi lililo wazi. Nikasimama jua kali pamoja na wale wa nje, nikasikiliza wimbo hata ukaisha.